Geuza Sahani Kwanza

Asanteni, kaeni tafadhali. Waandaaji wameniomba nizungumzie namna ya kuchagua vyombo vya kale vya Kiingereza vilivyopambwa kwa uji wa udongo, yaani udongo laini uliokorogwa na maji, tena nigusie historia, mitindo, bei na utunzaji. Nitajaribu. Lakini walionisikia zamani wanajua nitaanzia wapi, na pengine nitaishia papo hapo: mgongoni mwa sahani.

Historia mnayo. Mnamjua mfinyanzi Thomas Toft wa Staffordshire, na michoro ya sahani zake: nguva, na Mfalme Charles wa Pili aliyejificha ndani ya mwaloni. Mnavijua vikombe vya mishikio mingi vya Wrotham kule Kent, vilivyoandikwa miaka kuanzia 1612 hadi 1739. Vizuri sana. Hivyo hamtavinunua. Toft alifariki mwaka 1689 na sahani zake nyingi zinazojulikana zimeshalala kwenye makumbusho. Mwanahisabati mmoja wa Cambridge, J. W. L. Glaisher, alikusanya shehena ya vyombo hivi, na mwaka 1928 vikaingia makumbusho ya Fitzwilliam kwa wosia wake. Mtu wa hesabu aliwawahi. (Kicheko.)

Mtakachokipata ninyi ni sahani ya kuokea: ya mstatili au ya duara, ukingo umefinywa-finywa kama ukingo wa sambusa, ndani ina mistari ya njano na kahawia iliyochanwa kwa kitana au kuvutwa kwa ncha nyembamba ikafanana na unyoya. Ni ya karne ya 18 au ya 19. Josiah Wedgwood alipoeneza vyombo vyake vya rangi ya malai katika miaka ya 1760, meza za wenye nafasi ziliviacha hivi vya udongo mwekundu, vikabaki jikoni. Shikeni neno hilo, jikoni, maana ushahidi wote unatoka huko.

Sasa, mtu akipewa sahani hufanya nini? Anaitazama usoni. Anaona njano ya asali, anaona kahawia, anaona kioo, ule utando wa kung'aa uliochomewa juu ya udongo, kinameremeta, moyo unayeyuka, mkono unaingia mfukoni. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Uso ndio mahali ambapo mghushi ametumia siku zake zote. Mgongo ameufanyia kazi nusu saa, jioni, akiwa amechoka.

Igeuze. Mgongo wa sahani hizi haukupakwa kioo. Ni udongo mtupu uliochomwa. Sahani iliyotumika miaka mingi inakuwa na masizi, na masizi hayo hayakai sawasawa. Sehemu ya tumbo inayogusa sakafu ya tanuri au rafu imesuguliwa mpaka ikalainika kama kokoto la mtoni, na mara nyingi ni nyeupe kuliko pembeni. Weusi mzito uko kwenye bega, kati ya tumbo na ukingo, tena upande mmoja kuliko mwingine. Sahani hizi hazina kisigino cha duara, kwa hiyo uchakavu utafuteni kwenye kilele cha tumbo, mahali hasa inapokalia. Iwekeni juu ya meza, muisukume kidogo, muone inacheza wapi. Kama mikwaruzo iko mahali ambapo sahani haigusi meza kabisa, mtu ameiweka kwa mkono wake.

Tazameni mikwaruzo yenyewe kwa lenzi ya kukuza mara 10. Ya kweli inakwenda kila upande, mingine mirefu, mingine mifupi, kina tofauti, na uchafu umelala ndani yake. Ya msasa inakwenda sambamba, inalingana kina, na ndani ni safi. Kisha chukueni kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo, mguse sehemu ndogo iliyojificha. Masizi ya miaka yameingia kwenye vinyweleo vya udongo, pamba itatoka na kivuli tu. Rangi ya viatu aliyoipaka mghushi itatoka nzima nzima. Chai na kahawa alizozitumia kuupaka uzee hazitoki kirahisi, lakini zinajisema zenyewe kwa kuenea mgongo mzima kwa rangi moja, kama kitambaa kilichotoswa.

Najua kuna mtu anajibu moyoni: mbona nyingine ni safi kabisa na ni za kweli? Ndiyo, zipo. Iko iliyokaa kabatini maisha yake yote, iko iliyosuguliwa na mwenye nyumba mpenda usafi. Lakini basi na uso nao uwe haujachakaa! Uso uliokwaruzwa na visu pamoja na mgongo mbichi wa rangi ya tofali jipya ni hadithi mbili zisizokutana. Muuzaji akisema "ilioshwa," muulizeni aliwezaje kuosha mgongo na kuacha uchafu ndani ya mikwaruzo ya uso. Kisha nyamazeni. Mnyamaze kweli, msimsaidie kujibu.

Jambo jingine la mgongoni: tafuteni kiduara kidogo kilichokwanguliwa au kusagwa. Mfinyanzi Michael Cardew alifufua ufundi huu Winchcombe, Uingereza, kuanzia mwaka 1926, akagonga vyombo vyake mihuri, MC ya jina lake na WP ya kiwanda. Hakumdanganya mtu. Lakini muhuri unaweza kusagwa na mtu mwingine, na chombo kikazeeka miaka 100 kwa mchana mmoja. Cha kuchekesha ni kwamba kazi ya Cardew inathaminiwa sana. Aliyesaga muhuri pengine amejipunja mwenyewe.

Uso, kwa ufupi. Katika sahani nyingi za kalibu, fundi aliutandaza udongo kama chapati, akaupamba ukiwa bapa, akasubiri uji ukauke kiasi, ndipo akaulaza juu ya kalibu ya nundu, mapambo yakitazama chini. Kalibu ikayasukuma mapambo ndani. Kwa hiyo pitisheni kidole: mistari iko usawa na udongo, au karibu. Mistari ikisimama kama kamba juu ya sahani ya kalibu, ulizeni maswali. Lakini msilipeleke hili kwenye kila kitu! Sahani za Toft zilifinyangwa kwenye gurudumu na uji wake umesimama, na zile za Samuel Malkin wa Burslem zina mistari iliyoinuka kwa sababu michoro ilichimbwa kwenye kalibu yenyewe.

Viraka. Taa ya urujuanimno ndani ya chumba chenye giza huonyesha rangi nyingi za ukarabati, ingawa si zote. Kwenye mgongo, tone dogo la maji: udongo mtupu hulinywa, rangi hulikataa. Mafuta ya kupikia yaliyozama nayo hulikataa, kwa hiyo tone peke yake si hukumu. Pini za chuma za zamani zilizounganisha vipande vilivyovunjika msiziogope, wala msizitoe.

Naonyeshwa saa. Haya, utunzaji. Msiloweke, hata kama mtafanya hilo moja tu. Maji yanaingia kwa mgongo, yanabeba chumvi, na wakati wa kukauka chumvi inaganda chini ya kioo na kukibandua, hasa ukingoni ambako kimeshaanza kuachana na uji. Pamba yenye unyevu, basi. Na msilie chakula humo: kioo hicho kina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na siki au ndimu huitoa. Aliyesema waokaji wa zamani walikula na hawakufa hajui walikufa kwa nini.

Kutundika ukutani: waya wenye springi unamega ukingo. Vibandiko vya gundi ya maji msivitumie kwenye mgongo usio na kioo, vinang'oa ngozi ya udongo pamoja na masizi, yaani ushahidi wote niliousema. Stendi yenye pedi, sahani ikae, kwisha. Bei nimeiruka kwa makusudi.

Bwana pale nyuma uliyekuja na sahani, ilete. Usiishike ukingo! Mikono miwili, mmoja chini ya tumbo. Hivyo. Sasa igeuze.