Picha Inapogota: Kumtambua Nyigu wa Bungua

Ndugu maafisa ugani, asanteni kwa kufika. Picha mnazonitumia zinauliza jambo moja: nyigu huyu mdogo ni nani? Leo nawazungumzia wale wanaotoka kwa bungua, yaani viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi: nyigu hutaga mayai ndani ya kiwavi, na watoto wake hukua humo.

Picha safi inatufikisha mbali. Anzeni na vipapasio. Vikiwa vimepinda kama kiwiko, na bawa karibu halina mishipa, huyo ni wa kundi la kalsidi. Vikiwa virefu bila kiwiko, na bawa lina mishipa, huenda ni wa familia ya Ichneumonidae au ya Braconidae. Braconidae karibu wote hawana mshipa mmoja wa kukingama kwenye bawa la mbele, ambao Ichneumonidae wengi wanao. Kisha hesabuni pingili za kipapasio: Microgastrinae, kundi dogo ndani ya Braconidae lenye nyigu wa jenasi Cotesia, wana 18.

Hapo picha inagota. Mahindi yetu yana Cotesia sesamiae, mzaliwa wa Afrika, na Cotesia flavipes wa Asia, ambaye ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, ilimwachilia pwani ya Kenya mwaka 1993 apambane na Chilo partellus, bungua mgeni kutoka hukohuko Asia. Wote ni weusi, wana milimita mbili au tatu, na wote huacha rundo la vifukofuko vyeupe kando ya kiwavi. Anayewatenganisha kwa picha ya simu anabahatisha. Tunachokiamini ni viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini, au DNA.

Nalishikilia hili kwa sababu shambani lina uzito. Flavipes akitaga ndani ya bungua mwingine, Busseola fusca, damu ya kiwavi huyazingira mayai yakafa. Sesamiae wa magharibi mwa Kenya humudu kukua humo. Sesamiae wa pwani, jina lilelile, hushindwa. Kwa hiyo hata jina sahihi bila mahali alikotoka halimsaidii mkulima.

Basi, ukipasua bua ukakuta vifukofuko, piga picha, kisha viweke kwenye chupa ndogo yenye pamba mdomoni. Nyigu wakishatoka, watie kwenye alkoholi kali pamoja na mabaki ya kiwavi. Hakikisha madume wamo: vipapasio vyao ni virefu kuliko vya majike. Andika kwa penseli kijiji, tarehe, mmea na bungua, karatasi iingie ndani ya chupa, maana wino huyeyuka.