Kwa Nini Maji Hupwa Mwezi Ukikaribia Utosini: Mhadhara Kuhusu Bamvua na Maji Mafu

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naomba kila mwenye saa aitazame. Ni saa moja kamili ya usiku, siku ya 15 ya mwezi mwandamo, usiku wa mwezi mpevu. Maji yalijaa mnamo saa kumi na moja jioni, na wakati huu yameshashuka karibu sentimita 90, kiasi cha kiuno cha mtu mzima. Sikutuma mtu kwenda kuangalia forodhani. Ni hesabu tu, na kabla hamjatoka hapa kila mmoja ataweza kuifanya kwa vidole.

Lakini tuanze na fumbo. Tangu utotoni tunaambiwa kuwa mwezi huvuta maji. Ni kweli, ila ukiishia hapo utakwama. Kama mwezi ungevuta maji vile tunavyovuta ndoo kisimani, basi yangejaa pale mwezi unapokuwa utosini. Leo mwezi utafika utosini baada ya saa sita usiku. Na maji? Mnamo saa tano yatakuwa yamekupwa mwisho. Yaani mwezi ukikaribia kusimama juu ya Mombasa, Mombasa maji hayapo! Fumbo la pili: mwezi hupita juu yetu mara moja kwa siku, na maji yanajaa mara mbili. Hiyo ya pili ni ya nani?

Nianze na hili la pili, kwa sababu ndilo rahisi. Chukua watoto watatu wanaokimbia kwa msururu. Wa mbele ana mbio, wa katikati ni wa wastani, wa nyuma ni goigoi. Baada ya dakika moja msururu umerefuka. Sasa jifanye wewe ni yule wa katikati: ukitazama mbele, mwenzako amekuacha, ukitazama nyuma, mwenzako amebaki. Kwa macho yako msururu umevutika pande zote mbili, ingawa wote watatu mnakimbilia upande mmoja. Bahari iliyo upande wa mwezi ndiye mtoto wa mbele, maana iko karibu na huvutwa zaidi. Dunia yenyewe ndiye wa katikati. Bahari ya upande wa pili huvutwa kidogo kuliko wote, hubaki nyuma, na kubaki kwake ndiko kuvimba kwake. Dunia inapozunguka tunapita kwenye uvimbe huo na huu. Na kwa kuwa mwezi nao unasogea, kutoka kujaa hadi kujaa kunakofuata ni saa 12 na dakika 25, si saa 12 kamili. Ndiyo sababu kila siku maji huchelewa kama dakika 50.

Kwa hiyo kinachofanya kazi hapa ni tofauti ya mvuto kati ya upande wa karibu na wa mbali. Jambo hili lina matokeo ya ajabu. Jua ni zito mara milioni 27 kuliko mwezi, na linaivuta dunia karibu mara 180 kuliko mwezi unavyoivuta. Lakini katika kupandisha maji, jua halifikii hata nusu ya mwezi. Sababu ni umbali: jua liko mbali mara 390 hivi kuliko mwezi. Umbali ukiongezeka mara mbili, mvuto hupungua mara nne, ila ile tofauti ya mvuto hupungua mara nane. Jua liko mbali mno kiasi kwamba upande huu wa dunia na upande ule kwake ni karibu sawasawa.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi viko kwenye mstari mmoja na nguvu zao hujumlishwa. Hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta upande wake na mwezi wake, na hayo ndiyo maji mafu. Hapa bandarini Kilindini, bamvua la kawaida hupanda zaidi ya mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa, na makubwa hukaribia mita 4. Maji mafu hucheza kwenye mita moja hivi. Kumbukeni pia kuwa bahari ina uzito na haiitiki papo hapo: kilele cha bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi wenyewe.

Sasa lile fumbo la kwanza. Ule uvimbe ni wimbi, wimbi refu kupita kiasi, na ili likae chini ya mwezi hapa karibu na Ikweta lingebidi likimbie kama kilomita 1,600 kwa saa. Mwendo wa wimbi la namna hiyo hutegemea kina cha bahari. Kwenye kina cha mita 4,000 haliwezi kupita kilomita 700 na kidogo kwa saa. Ili limfuate mwezi bega kwa bega, bahari ingehitaji kina cha kilomita 20, na bahari ya namna hiyo haiko popote duniani. Juu ya hayo, njiani kuna mabara. Kwa hiyo maji hayamfuati mwezi. Huyumba ndani ya bahari kama chai kwenye sinia inayobebwa, kwa mapigo ya mwezi lakini kwa mwendo wa chombo chake. Kila pwani ina ucheleweshaji wake. Wetu ni kama saa nne: siku ya mwezi kuandama au ukiwa mpevu, mwezi hupita utosini, au upande wa pili wa dunia, na saa nne baadaye maji yanajaa. Dar es Salaam na Unguja ziko nasi karibu dakika kwa dakika.

Na hapo ndipo hesabu ya vidole inapotoka. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, mchana au usiku, maji Mombasa hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, na hupwa kati ya saa nne na saa tano. Daima! Huwezi kupata bamvua la Mombasa linalojaa saa sita mchana. Ukitaka siku nyingine, anzia hapo na uongeze dakika 50 kwa kila siku iliyopita. Siku saba baadaye ni dakika 350, karibu saa sita, na kwa hiyo maji mafu hujaa mnamo saa nne au tano na hupwa mnamo saa kumi au kumi na moja. Wakati wa bamvua siku kwa siku huchelewa kidogo, kama dakika 40. Wakati wa maji mafu hupita saa nzima. Kwa hiyo hesabu hii ni ya kupanga safari, si ya kupitisha meli. Wenye meli wana jedwali la maji linalotolewa kila mwaka na Mamlaka ya Bandari. Mtakaolisoma, angalieni mambo mawili. Saa zake ni za kizungu za tarakimu 24, kwa hiyo 16:42 ni saa kumi na dakika 42 jioni. Na urefu wake haupimwi kutoka mchangani kwako. Hupimwa kutoka kiwango cha chini kabisa cha bahari. Ukiona 0.3 usidhani ni kina cha pale unapotaka kuoga.

Nije kwenye zile sentimita 90 za mwanzo, maana hapa ndipo watu wanapofia. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa kupanda kwake kote, toka kupwa hadi kujaa, mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tuseme bamvua ni la mita 3 na sentimita 60. Fungu moja ni sentimita 30. Saa ya kwanza 30, ya pili 60, ya tatu 90, ya nne 90. Kushuka ni vilevile, ndiyo maana tangu saa kumi na moja hadi saa moja nilihesabu 30 na 60.

Sasa mchukue mtu aliyekwenda mwambani kutafuta pweza. Maji yamekupwa mwisho saa tano asubuhi. Hadi saa sita yamepanda sentimita 30 tu, miguu imelowa, haoni tatizo. Saa saba yamefika 90, kiunoni. Saa nane ni mita 1 na sentimita 80, juu ya utosi wa wengi wetu. Katika saa hiyo ya tatu maji hupanda kama shubiri moja kila robo saa. Na tatizo haliji kutoka mbele. Mwamba wa nje uko juu, na kati yake na ufuo mna bonde lenye maji hata wakati wa kupwa. Bonde ndilo hujaa kwanza. Mtu ameinama, macho yako kwenye shimo la pweza, mgongo ameupa nchi kavu. Akiinuka, mwamba bado mkavu lakini njia ya kurudia imeshazama. Alama ya kurudi ni pale maji yanapogeuka, hayangojwi yalowe magoti. Simika kijiti ukingoni mwa bonde, ukikate alama, na uwe umevuka kabla saa ya kwanza haijaisha. Kwenye ufuo wa mteremko mdogo, wa mita moja kwa kila hamsini, zile sentimita 90 huingia bara mita 45 kwa saa moja. Viatu na nguo nyingi zimekwenda hivyo.

Wenye vyombo wana hesabu yao, na mimi naona ndiyo safi kuliko zote. Dau likipandishwa kukwanguliwa, kukalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa, na kupakwa deheni, yaani chokaa na mafuta, huletwa juu maji yakijaa, mkuku, ule uti wa chini wa chombo, hukaa mchangani, gadi, yaani miti ya kukiegemeza, hutiwa pande zote mbili, kisha maji yakipwa mafundi hufanya kazi. Swali ni siku gani. Mtu asiyejua huchagua siku maji yalipojaa kuliko zote, tuseme siku ya 17, ili chombo kikae juu sana. Kesho yake maji hufika chini kidogo ya pale. Upungufu wa shubiri moja watosha, chombo hakieleei. Kesho kutwa hupungua zaidi. Hapo atangoja hadi bamvua lijalo, siku 14 au 15, na mbao zinapasuka kwa jua. Lijalo nalo likiwa dogo, atangoja mwezi mzima. Mabamvua mawili ya mwezi mmoja hayalingani, kwa sababu mwezi huikaribia dunia hadi kama kilomita 357,000 na kujitenga hadi kama 406,000. Makubwa zaidi huja kuelekea Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya Ikweta. Kwa hiyo chombo hupandishwa siku ya 13 au 14, maji yakiwa bado yanaongezeka kila siku, ili maji ya kukitoa yawe mbele, si nyuma.

Hata Julius Caesar, jemadari wa Roma, bamvua lilimpata. Mwaka 55 kabla ya Kristo alivuka kwenda Uingereza. Jahazi za vita akazipandisha ufuoni, za mizigo zikatia nanga. Usiku mmoja wa mwezi mpevu dhoruba ikavuma, na bamvua likajaa. Zilizokuwa ufuoni zikajaa maji, zilizotia nanga zikagongwa. Caesar mwenyewe ameandika kuwa watu wake hawakujua kwamba mwezi mpevu huleta maji makubwa. Walikulia Mediterania, ambako mahali pengi maji hupanda na kushuka sentimita chache tu. Mtoto wa Mtongwe, hapo ng'ambo ya bandari, angewaonya.

Wanaovuka Likoni mmeliona bamvua bila kulijua: saa nne na saa tano asubuhi, mteremko wa kushukia feri huwa mkali, na gari refu hugusa chini kwa mkia. Dereva hulaumu feri.

Nafasi ya maswali.

Mama mmoja aliuliza: "Mwanangu, kisima chetu kiko mbali na bahari, lakini asubuhi maji yako juu na mchana yako chini, na hatujateka. Ni jini?"

Si jini, mama. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mawe ya matumbawe yaliyojaa vitundu, na bahari husukuma maji ya chini kwa chini. Kadiri kisima kilivyo mbali ndivyo kupanda na kushuka kwa maji yake kunavyopungua na kuchelewa. Teremsha uzi wenye jiwe, piga fundo pale ulipolowa, rudia kila saa kwa siku moja, kisha linganisha na saa za kujaa. Utapata ucheleweshaji wa kisima chako. Lakini angalia jingine. Maji matamu ni mepesi, huelea juu ya yale ya chumvi, na kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na kama mita 40 zilizo chini yake. Pampu ikishusha maji yako sentimita 10 na kuyaweka hapo, chumvi huinuka kuelekea mita 4. Teka kidogo kidogo, na maji yakianza kukolea chumvi, zima pampu siku kadhaa. Kuchimba zaidi ni kuifuata chumvi iliko.