Wale Watoto Watatu Wameenda Wapi?

Haya jamani, groupby, ile amri ya kupanga mistari ya jedwali katika makundi, wote mnaijua, sianzi na pandas ni nini, ile maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali, mnaitumia kila siku. Mimi nimekuja na jambo lilelile ninalolisema kila nikishika maiki na nitalisema tena leo: hesabu mistari kabla hujaipanga makundi, halafu jumlisha makundi uone kama yanarudi palepale.

Tazameni hapa. Daftari la chanjo, watoto 10, kila mtoto mstari wake, kuna kolamu ya wilaya. Temeke 4, Ilala 3, na watatu karani hakuwaandikia wilaya, labda foleni ilikuwa ndefu, labda mama kahamia juzi hajui aseme wapi. Unaandika df.groupby("wilaya").size(), df ndiyo hilo daftari na size inahesabu mistari ya kila kundi, inakuletea Temeke 4, Ilala 3, basi. Saba! Hakuna onyo, hakuna maandishi mekundu, wewe unachukua saba yako unaipeleka kwenye ripoti na bosi anaagiza dozi ya pili ya watoto saba. Wale watatu wapo, wamechomwa sindano, mama zao wana kadi mkononi, ila kwenye ripoti yako ni kama hawajazaliwa. Hili linaniuma kwelikweli.

Na dawa yake ndogo tu, ndani ya mabano ya groupby ongeza dropna=False, ipo tangu toleo la 1.1 la mwaka 2020, unapata kundi la tatu linaitwa NaN, yaani kisanduku kitupu, lina watoto 3, jumla 10. Najua kuna mtu anataka kusema si nizifute tu hizo tupu data iwe safi. Safi kwa nani? Hapo hujasafisha, umepoteza watoto! Na nyie wa SQL, lugha ya hifadhidata, mtasema kwenu GROUP BY inaziweka NULL, yaani tupu zenu, kundi moja, sawa, ni kweli, lakini ukiandika COUNT ya kolamu inaziruka vilevile, COUNT(*) ndo inahesabu mistari. Pandas hivyohivyo, size ni mistari, count ni visanduku vilivyojazwa tu, na value_counts, ile ya kuhesabu kila jina limejirudia mara ngapi, nayo inaacha tupu usipoiambia.

Mengine haraka haraka: "Temeke" yenye nafasi mwishoni ni kundi jingine kabisa, pitisha str.strip() kwanza ikate nafasi za pembeni. Ya kupanga kwa kolamu mbili naiacha, muda umebana. Fungueni laptopu, kabla ya kitu chochote kila mtu aandike len(df), ndiyo idadi ya mistari yote, tuanzie kwako dada wa mbele, nisomee namba yako.