Nyota za Kitovuni Zimekwenda Wapi?

Hiyo iliyo ukutani ni M87, galaksi duaradufu, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota wenye umbo la yai, iliyo umbali wa miaka ya nuru kama milioni 55. Ukiupima mwanga wake kutoka pembeni kwenda ndani, unapanda, unapanda, halafu karibu na kitovu unagoma. Nyota zilizotarajiwa pale hazipo. Na mkono umeshanyooshwa: "Si zimemezwa na shimo jeusi?"

Hapana! Tupige hesabu. Shimo jeusi ni kitu chenye uvutano mkali hata nuru ikiingia haitoki, na la M87 lina uzito wa Jua mara bilioni 6.5. Kutoka katikati hadi ukingoni mwake ni mwendo wa nuru wa saa 18 hivi. Eneo lililopungukiwa nyota, nuru inalikata kwa zaidi ya miaka 1,000. Ni punje ya mchanga katikati ya Uwanja wa Mkapa, nanyi mnaisingizia imekula mashabiki! Wala shimo jeusi halivuti vya mbali kuliko kitu kingine cha uzito uleule. Ondoa Jua, weka shimo jeusi la uzito wake: Dunia itaendelea kuzunguka palepale. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Nyota zile zilitupwa nje. Galaksi mbili kubwa zinapoungana, kila moja inakuja na shimo jeusi lake. Mashimo yanazama kitovuni na kuanza kuzungukana. Nyota ikipita karibu nayo inarushwa kwa kasi kubwa kuliko ile iliyoingia nayo. Nishati hiyo imechotwa kwenye mzunguko wa mashimo, kwa hiyo nayo yanasogeleana. Nyota moja haitoshi kuyasogeza, zinatupwa nyingi, uzito wake kwa makadirio ukikaribia ule wa mashimo yenyewe. Zinazosalimika ni zile ambazo njia zake hazikatizi katikati.

Utasema, mbona galaksi duaradufu ndogo zimejaa nyota hadi kitovuni? Gesi, ndugu yangu. Gesi ikiwepo inaporomoka ndani, inazaa nyota mpya, pengo linazibika. Hizi kubwa ziliungana zikiwa kavu, gesi hakuna.

Naona wa Kigamboni wanatazama saa, pantoni haingoji mtu. Basi haraka: mashimo yakibakiza kama miaka ya nuru 3 kati yao, nyota za kurusha huanza kuwaishia, na yanaweza kukwama. Yakipenya hapo, mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko ya anga yenyewe inayobeba nishati ya mzunguko wao, yanamalizia kazi. Mwaka 2023 vipimo vya pulsa, nyota zilizokufa zinazotuma midundo ya redio kama saa, vilitoa ushahidi wa mvumo wa mawimbi ya aina hiyo. Ile galaksi kuu ya kundi la galaksi liitwalo Abell 2261 naiacha: pengo lake ni kubwa ajabu, na shimo jeusi limetafutwa, halijaonekana. Haya, maswali.