Broma: mzaha, utani au mdudu?

SAIDA: Karibuni tena. Leo ni misemo mitano ya neno la Kihispania broma. Ila Kombo, anza na ule ujumbe wa Jumanne.

KOMBO: Mteja wa Sevilla gari limemharibikia, kaniandikia: «La broma me ha salido por 300 euros.» Nimeona broma, nikamrudishia emoji za kucheka. Kimya mpaka leo.

SAIDA: Alikuwa analia hasara, kaka. Salir por hapo ni kugharimu. Yaani balaa hilo limemla euro 300. Ungempa pole.

KOMBO: Mzaha umegeukaje hasara?

SAIDA: Kuna mdudu. Kwa mabaharia, broma ni yule anayetoboa mbao za vyombo. Kwa kweli ni jamaa wa chaza: mwili mrefu kama mnyoo, na kichwani magamba mawili madogo, ndiyo keekee yake. Huingia angali mdogo, kwa hiyo nje huoni tundu, kumbe ndani ubao umekuwa sega.

KOMBO: Aa, huyo! Ndiyo maana jahazi hupandishwa pwani likapakwa deheni, chokaa na mafuta ya mnyama.

SAIDA: Huyo huyo. Columbus aliondoka Cádiz Mei 1502 na meli 4. Juni 1503 zimebaki 2, zimeliwa, akazipandisha ufukweni Jamaika. Walikwama mwaka mzima. Sasa chombo kilicholiwa huwa kizito, hakiendi. Broma ikawa kitu kizito, ikawa kero, mwisho mzaha unaokera. Mpaka leo uliovuka mpaka ni broma pesada, «nzito».

KOMBO: Basi mdudu yumo kwenye gari la mteja.

SAIDA: Yumo! Shika hili: chiste, yaani kichekesho, husimuliwa, contar un chiste. Broma hufanyiwa mtu: gastar una broma kule Uhispania, hacer una broma Amerika ya Kilatini. Tarehe 28 Desemba, siku ya mizaha kwa Wahispania, mtu akikutilia chumvi kwenye bakuli la sukari, hiyo ni broma. Ukiita chiste umekosea.

KOMBO: Kwa hiyo ni utani.

SAIDA: Hapana. Utani una wenyewe: Mzaramo na Mnyamwezi, babu na mjukuu. Mtani hana ruhusa ya kununa. Wa broma anaweza kununa, na ana haki. Ni mzaha.

KOMBO: Mzaha ni wa mdomo, dada. Wa chumvi katumia mkono. Halafu estoy de broma utasemaje, kama si «natania»?

SAIDA: «Nafanya mzaha.»

KOMBO: Nani anasema hivyo barazani? Kwenye orodha naandika utani.

SAIDA: Nami nitaufuta.

KOMBO: Nitaurudisha.

SAIDA: Dakika mbili zimebaki, na misemo hatujaigusa. Haya, «ni en broma», yaani «hata kwa mzaha».

KOMBO: Hata kwa utani. Na mteja nimwandikie nini?

SAIDA: «Vaya faena, lo siento.» Balaa gani hilo, pole.

KOMBO: Baya, kwa b?

SAIDA: Unaitamka b, unaiandika v.