Nani Alikupima?

Wazazi wangu shikamooni, vijana hamjambo. Ahsanteni kwa kuvumilia foleni ya Mbagala na joto hili mkafika.

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mnayaona matangazo kwenye nguzo za umeme kuanzia Tandika mpaka Rangi Tatu: kozi ya miezi mitatu, cheti kinatambulika. Swali langu kwa tangazo la namna hiyo ni moja tu. Kinatambulika na nani? Chuo kinaweza kukufundisha vizuri sana, lakini uzito wa cheti unatokana na aliyekupima.

Tuanze na ufundi stadi, wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, Chang'ombe hapo na vyuo vingine. Baba zetu walikalia Trade Test, mtihani wa zamani wa ufundi, na hesabu yake ilikuwa inashuka: unaanza Grade Three, ukifika Grade One wewe ndiye bingwa. Siku hizi ni NVA, tuzo ya taifa ya ufundi stadi, na hesabu inapanda, ya 1, ya 2, ya 3. Mwajiri asiyejua anaweza kumdhania mwenye NVA ya 1 ndiye mkubwa! Basi ukipeleka barua ya kazi, andika na unachoweza kufanya.

Juu ya hapo ndiyo vyuo vya kati, kama DIT, taasisi ya teknolojia pale mjini, au CBE, chuo cha biashara. Hapa naomba tutulie, maana wengi wanapoteza haki yao. Diploma ya miaka mitatu kwa aliyetoka kidato cha nne ni ngazi tatu zilizounganishwa. Ngazi hizo za tuzo za ufundi zinaitwa NTA. Mwaka wa kwanza ni NTA ya 4, astashahada ya awali. Wa pili ni NTA ya 5, astashahada. Wa tatu ni NTA ya 6, ndiyo stashahada yenyewe. Kijana ada imekwama baada ya mwaka wa pili, anarudi nyumbani anasema "niliacha chuo, sina kitu". Kama alifaulu, ana ngazi mbili mkononi! Aende chuoni akaulizie vyeti vyake, na siku hela ikipatikana aulize utaratibu wa kuendelea kutoka pale alipoishia. Na mwenye NVA ya 3 pamoja na cheti cha kidato cha nne, hata kama ufaulu wake haukutosha kuingia moja kwa moja, kozi nyingi za astashahada zinampokea. Sifa zimeandikwa kozi kwa kozi kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, lile lile lililokuwa likiitwa NACTE. Soma kabla hujalipa hata shilingi ya fomu.

Vijana wa kompyuta, msinune. Ukimaliza darasani masomo ya mitandao ya Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao ya kompyuta, unapewa cheti cha kumaliza kozi. Hiyo siyo CCNA. CCNA, cheti cha Cisco cha utaalamu wa mitandao, kina mtihani wa peke yake, unaulipia, unaufanyia kwenye kituo kilichoidhinishwa au kwa mtandao, na ukifaulu cheti kinadumu miaka mitatu, kisha lazima ukihuishe. Anayeandika CCNA kwenye wasifu wake bila mtihani huo anajitafutia aibu mbele ya meza ya usaili.

Semina za siku mbili sitazizungumzia sana. Cheti cha kuhudhuria kinasema ulihudhuria.

Halafu kuna bodi za taaluma. Digrii ya uhasibu haikufanyi CPA, yaani mhasibu aliyeidhinishwa. Unakalia mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, inayofanyika Mei na Novemba, na hata ukiimaliza, kufaulu ni jambo moja na kusajiliwa ni jingine. Wahandisi nao, mwenye digrii anaanza kama mhandisi mhitimu, anafanya kazi chini ya wakubwa zake, ndipo ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, imsajili kuwa mhandisi mtaalamu. Na fundi umeme, hata awe na cheti kizuri namna gani, kuchukua kazi ya kufunga umeme kwenye nyumba za watu kunataka leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Naona kaka yangu pale nyuma ameinua mkono. Anasema yeye ni fundi magari, amejifunzia gereji Gerezani, darasani hajakaa. Kaka, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: wanakupima kwa vitendo kwenye kazi uliyokwisha kuijua, wanaangalia pengo liko wapi, unafundishwa hapo tu, kisha unapata cheti. Nenda Chang'ombe ukaulize dirisha la urasimishaji, na ubebe picha za kazi zako.


Haya, swali la pili.