Jina la Babu Litakutangulia Ujerumani

Walimu wangu, shikamooni. Na ninyi wadogo zangu wa mwaka wa pili na wa tatu, mambo vipi? Nimeitwa nizungumze kuhusu kujiandaa kwenda kusoma Ujerumani, na najua mlitegemea nianze na theluji. Tuanze na simu zenu. Kila mtu afungue picha ya cheti chake cha kuzaliwa, halafu cha kidato cha nne, halafu kitambulisho cha NIDA. Someni majina herufi kwa herufi. Aliyeona tofauti anyooshe mkono.

Mmoja, wawili... sita. Na wapo wanaoona haya, nawaona.

Mimi ningekuwa wa saba. Cheti changu cha kuzaliwa kiliandika jina la baba Saidi, cha kidato cha nne kikaandika Said. Nyumbani hakuna aliyewahi kuiona hiyo herufi moja. Mtaa mzima ulimwita Mzee Saidi, basi. Faili langu lilirudishwa na swali: hawa ni watu wawili au mmoja? Nikahangaika na kiapo kwa wakili, nikahangaika na foleni, na wakati karatasi zinakaa sawa muhula ulishanipita. Nusu mwaka nikauza vocha dukani kwa shangazi, na kila mteja aliniuliza, "Si ulisema unaondoka?"

Kosa la cheti cha kuzaliwa linapelekwa RITA, wanaosajili vizazi na vifo. La cheti cha mtihani linaanzia NECTA, Baraza la Mitihani. Pasi ya kusafiria iombeni baada ya hayo, ikiwa imebeba jina lile lile lililo kwenye vyeti vyote. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunakimbilia pasi kwanza kwa sababu inapendeza kupiga nayo picha.

Halafu kule mtu huitwa kwa jina la ukoo. Ukiwa Juma Hamisi Ally, kwao wewe ni Bwana Ally. Mara ya kwanza nilipokwenda kwa daktari, muuguzi alitokea mlangoni akaita jina la babu yangu. Nikatulia kitini. Babu alifariki nikiwa darasa la tatu, nani wa kuitika? Aliita mara ya tatu ndipo nikashtuka kwamba babu ni mimi.

Sasa alama zenu. Kule 1.0 ndiyo ya juu kabisa, na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Vyuo vingi hugeuza alama za wageni kwa kanuni moja, na kwa mizani yetu ya GPA, yaani wastani wa alama za chuo, inayofaulu kuanzia 2.0 hadi 5.0, kanuni hiyo inakuwa nyepesi ajabu: chukua 6, toa GPA yako. Mwenye 3.8 anapata 2.2. Kozi nyingi za uzamili hutaka 2.5 au bora zaidi, maana yake 3.5 yenu, pale pale daraja la pili la juu linapoanzia. Kwa hiyo wewe wa mwaka wa pili uliyeziachia karatasi mbili ukisema utafidia mwaka wa tatu, piga hesabu leo usiku.

Muhula wa baridi huanza tarehe 1 Oktoba. Tarehe 15 Julai ndiyo mwisho wa maombi unaotajwa sana, lakini kozi nyingi zinazopokea wageni hufunga mlango miezi kadhaa kabla, kwa kuwa wanajua viza yako haitoki kwa siku mbili. Vyuo vingine hupokea maombi moja kwa moja, vingine hupitia uni-assist, ofisi inayokagua maombi ya wageni kwa niaba ya vyuo: yuro 75 kwa ombi la kwanza, 30 kwa kila linalofuata. Atakayekwambia umpe milioni mbili akutafutie nafasi kwenye chuo cha umma anakuuzia fomu ambayo ungeijaza mwenyewe.

Na hela. Vyuo vingi vya umma havitozi ada, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza watu wa nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Wazazi wakisikia "bure" wanashangilia. Kisha linakuja neno Sperrkonto, nyumba nzima inanyamaza. Ni akaunti unayoweka fedha za kuishi mwaka mzima kabla ya viza: tangu Septemba 2024, yuro 11,904. Waelezeni wazazi vizuri, maana wengi hudhani ni fedha za kumpa ubalozi. Hapana, ni zako. Zimefungiwa tu, na ukishafika zinakutokea yuro 992 kila mwezi. Humo utalipa chumba, bima ya afya ambayo ni lazima na inazidi yuro 100 kwa mwezi, na chakula. Kazi unaruhusiwa siku 140 kamili kwa mwaka, au siku 280 za nusu siku, ila miezi ya mwanzo usiitegemee. Ukoo ukitaka kuuza kiwanja, ukae kikao mapema; kiwanja kinachouzwa kwa haraka kinauzwa kwa hasara.

Lugha: hata kama kozi ni ya Kiingereza, barua ya mwenye nyumba itakuja kwa Kijerumani. Ukihamia kwenye chumba una wiki mbili za kujiandikisha manispaa, na mara nyingi mtu wa kaunta hana haja ya kujua Kiingereza chako. Someni walau ngazi ya kwanza mkiwa hapa, penye mtu wa kuwasahihisha bila kuwacheka. Au akiwacheka, mnacheka wote.

Koti, nendeni soko la Karume. Sitanii. Langu nilichambua kwenye mitumba, na ndani lilikuwa na lebo ya duka la Ujerumani. Nikalirudisha kwao. Desemba, jua la Leipzig linazama saa 10 jioni, na lile koti lilinifaa kuliko sanduku zima la nguo mpya.

Maswali tutayachukua baada ya chai. Lakini ninyi sita mlionyoosha mikono, na wale wenye haya, msiende kwenye chai bado. Njooni hapa mbele na vyeti vyenu tuangalie nani anaanzia RITA na nani NECTA.